Khanga za Harusi Tulizozikataa

Sisi tuliokulia Nkololo miaka ile ya soko huria, mitumba ikiwa ndiyo kwanza imefurika minadani, tulitafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, tukitoka shule na kucheza rede mpaka vumbi likatufanya wote rangi moja. Lakini raha kubwa ilikuwa sare ya harusi. Dada yangu Kabula alipochumbiwa, mama aliahidi kwamba wanawake wote wa ukoo wangevaa khanga za aina moja, kutoka kiwanda cha mjini alikofanya kazi shangazi Minza.

Wiki chache kabla ya harusi, shangazi akashuka kwenye basi na sanduku lake. Mwenye kiwanda mpya alikuwa amewafukuza wafumaji waliojiunga na chama cha wafanyakazi. Chama kikaomba watu wasinunue nguo za kiwanda kile mpaka wenzao warudishwe.

Kabula alilia. "Mayu, wakwe watatucheka!"

"Wacheke," mama akajibu. "Pamba tunapalilia sisi, shangazi yako ameifuma mpaka vidole vimekakamaa. Leo wamemtupa, halafu mimi nijifunge khanga yao nicheze?"

Mnadani, shangazi aliwaeleza wanawake yaliyompata, mama akiwa kasimama ubavuni pake. Mmoja aliyekwisha kujifunga khanga mpya kiunoni akaifungua, akaikunja vizuri, akamrudishia muuzaji.

Siku ya harusi tulikwenda na khanga kuukuu, kila mtu na yake, nyingine zimepauka hata maua hayaonekani. Mama mkwe wa Kabula akauliza kulikoni. Alipoelezwa aliingia ndani. Kabula akanishika mkono kwa nguvu. Mama yule akatoka amevaa khanga yake ya zamani, akapiga vigelegele yeye wa kwanza.

Ilipita misimu miwili ya pamba, na minada mingi ikasusa kama wetu, ndipo mwenye kiwanda akawaita wafumaji. Shangazi alirudi kazini. Baadhi ya wenzake hawakuitwa kamwe, na hilo lilimuuma hadi uzeeni.

Siku hizi vijana wetu hususia bidhaa kwa kidole, kwenye simu. Asubuhi wameapa kutogusa soda fulani, jioni utawakuta wanainywa. Siwalaumu sana. Ila binti yangu anapohangaikia sare ya tatu mwezi huu, humwonyesha picha ile ya harusi ya dada: safu nzima ya wanawake, hakuna wawili waliofanana, na hakuna hata mmoja aliyeinamisha uso.