Wangeci na Swali Lake la Konekta

Mafundi wa stima walikuwa wakimkimbia Wangeci kwa sababu ya swali moja tu: "Ya nini?" Ukiingia katika duka lile la vifaa vya stima karibu na Gikomba, Nairobi, mwaka wa themanini na mbili, ukaitisha konekta, usidhani ungepewa hivi hivi. Ya nini? Ya taa au ya jiko? Waya wako ni mnene kiasi gani? Mahali penyewe ni pakavu au pana maji? Ukinuna, shauri yako. Yeye aliegemea kaunta akangoja jibu.

Na alikuwa na haki, wacheni niseme. Konekta ni kidude cha plastiki chenye matundu ya shaba na skrubu, cha kuungia waya na waya. Watu huhangaikia mota na swichi, konekta wanaichota kama njugu. Kumbe moto huanzia papo hapo! Ikiwa ndogo kuliko kazi yake hupata joto, plastiki ikayeyuka, kisha ndio mnaitana usiku na ndoo za maji. Wangeci aliachia shule darasa la saba, lakini kwa miaka tisa aliletewa konekta zilizoungua, akazichunguza moja moja. Alikuwa akipima konekta kiganjani tu na kukwambia kama ndani mna shaba au chuma kilichopakwa rangi.

Mzee Johnson, mwenye duka, alimpenda kwa hilo. Lakini mzee akazeeka, akarudi mashambani, na duka likashikwa na mwanawe Bedan. Bedan hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu.

"Dada Wangeci," alimwambia Jumamosi moja, "mtu akiitisha sukari, mwenye duka humwuliza chai ni ya nani? Wateja wanakimbia. Nikikusikia tena unahoji watu, utaniachia funguo hapa kaunta uende zako."

Wangeci alikuwa na watoto wawili pale mtaani Ziwani, nao walikula kwa kazi hiyo. Akarudi kupanga konekta zake.

Jumatatu asubuhi akaja Andati. Huyu alikuwa fundi mkongwe, mteja wa tangu duka lifunguliwe, na wiki iliyopita alikuwa amemwambia Wangeci kwamba anafunga mashine ya kusaga unga kule Mowlem, ya mama mmoja aitwaye Lela. Bedan alikuwa amesimama kando, mikono kifuani.

"Nipe konekta kubwa, mama. Hizo hapo," Andati akasema, akielekeza kidole kwenye boksi jipya.

Zilikuwa konekta za mzigo mpya wa Bedan. Kwa nje zilitoshana na zile za amp thelathini, lakini matundu yake yalikuwa membamba, na nambari kumi na tano ilichorwa nyeupe juu ya nyeupe, herufi za mchwa. Zile za thelathini, za kazi ya mota, zilikuwa ndani ya droo. Wangeci alilijua hilo. Akamtazama Bedan, akazifunga zile mpya kwenye gazeti, akampa mzee. Andati hakuondoka mara moja. Alisimama kidogo kama aliyesahau kitu, kisha akaaga.

Tangu hapo Wangeci hakuwa na raha. Aliona mota kubwa ikinguruma, vumbi la unga limejaa chumbani, akina mama wamepanga foleni na madebe yao ya mahindi, na ile konekta inapata moto taratibu. Ewe Mungu, nimefanya nini? Saa saba ilipofika alitoa konekta nzuri kwenye droo, akazilipia, akasema anakwenda kula. Akapanda basi la kwanza la Mowlem.

Alimkuta Andati amepiga magoti kando ya mota, jasho likimtiririka. Konekta mkono huu, waya mkono huu. Anasukuma, waya unateleza. Anajaribu tena, unateleza tena. Akina mama wameketi juu ya madebe yao, wanamwonea huruma.

"Mama Lela," mzee akasema, akaweka bisibisi chini, "tafuta fundi mwingine. Tangu asubuhi natafuta tundu silipati. Macho yangu yamekwisha. Kazi hii mimi naiacha leo."

Wangeci hata salamu hakutoa. Alichuchumaa, akachukua ile konekta na ule waya, akajaribu mwenyewe kwa macho yake mazima. Haukuingia.

"Mzee, si macho," akasema. "Tundu ndilo dogo. Mimi ndiye niliyekupa mbaya."

Akamtia mkononi zile za droo. Andati akazipapasa, akasukuma waya, ukaingia mara moja. Akakaza skrubu, akauvuta waya kwa nguvu, haukutoka. Akacheka peke yake, kisha akasema kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie.

"Nambari sizioni, mwaka wa pili sasa. Wewe huniuliza ya nini, mimi nakujibu, unanipa inayofaa. Leo nilisimama pale nakungoja uniulize. Nikasema basi, hata Wangeci amenichoka."

Wangeci aliona aibu mpaka machozi yakamtoka. "Nisamehe, mzee."

"Nyamaza, mama. Hawa watasema nimekupiga!"

Alirudi dukani saa tisa kasoro, unga mpaka kwenye nyusi. Bedan alikuwa mlangoni akiitazama saa. Pale kaunta palikuwa na fundi mmoja, Zubeiri, amesubiri hadi amekasirika.

"Konekta nne, dada, upesi."

Wangeci alitoa funguo kiunoni, akaziweka kaunta mbele ya Bedan. Kisha akamgeukia Zubeiri.

"Ya nini?"

Zubeiri akapumua kwa nguvu. "Ya hita ya maji. Ya bafuni." Wangeci akamwuliza unene wa waya.

Bedan alisikiliza yote. Funguo zilikaa pale kaunta mpaka jioni, hakuna aliyezigusa, na saa ya kufunga ilipofika Wangeci alizichukua, akafunga duka.