Uzi Mnene

Besiboli ni mchezo wa kijinga. Nimeushona kwa mikono yangu kwa miaka minne, kwa hiyo mtu asiniambie kwamba siujui.

Mmoja anasimama katikati ya uwanja na kurusha mpira mgumu kama jiwe. Mwingine anausubiri na gongo ili aupige. Wenzao wamesimama huku na huku wakiangalia nyasi. Mara nyingi hakuna kinachotokea. Kisha wanabadilishana, na upande wa pili pia hakuna kinachotokea. Mchezo wenyewe hauna saa. Kocha aliona hilo kuwa jambo zuri kuliko yote.

"Dada, mpira wa miguu unakufukuza na saa," aliniambia. "Huu wetu unakungoja."

Nilimjibu kwamba nina nguo tano za harusi ya Jumamosi, na hakuna hata moja inayoningoja.

Alikuwa mwalimu wa michezo katika chuo kimoja upande wa pili wa mji. Alikulia Uganda, mtoto wa wakimbizi, na huko mwalimu mmoja mgeni alimvalisha glavu akiwa na miaka kumi na miwili. Tangu siku hiyo hakuwa na akili nyingine. Karibu miaka thelathini aliwafundisha mchezo huo vijana waliokataliwa na timu ya soka. Kila Alhamisi asubuhi alichora mistari ya uwanja kwa majivu, peke yake, akiokota mawe na kuyatia mfukoni. Najua habari ya mawe kwa sababu mifuko ya suruali zake zote ilitoboka, na mimi ndiye niliyeishona.

Alifika kwenye cherehani yangu mtaani Nyamirambo mara ya kwanza na mfuko wa mipira iliyopasuka kama maandazi. Ngozi ilikuwa imeachia, nyuzi za ndani zinaning'inia.

"Mzee, mimi nashona nguo," nilimwambia. "Fundi viatu yuko pale kwenye kona."

"Nimetoka kwake. Ameshona moja, imekuwa kiazi."

Jirani yangu wa cherehani ya pili alicheka hadi akasimamisha mguu. "Mpokee, mwenzangu. Mzee iko na gongo, asije akatupiga."

Nilimpokea ili aondoke. Nilichukua uzi wa nailoni wa kushonea mabegi, uzi mnene kuliko wote niliokuwa nao, nikashona kwa hasira. Nia yangu ilikuwa moja: mipira ile isipasuke tena, na yule mzee asirudi. Mshono ulitokeza juu ya ngozi kama kovu. Alipokuja kuichukua aliuzungusha mmoja kiganjani kwa muda mrefu, akapitisha kidole gumba juu ya uzi, akanishukuru kuliko kazi ile ilivyostahili. Baada ya wiki mbili alirudi na mfuko mwingine.

Siku hiyo mdogo wangu alikuwa ameketi dukani. Kocha alimtazama mikono. Hakuuliza jina wala shule. Alisema tu, "Vidole hivi viko na kazi."

Hapa lazima nieleze kidogo. Baba alitangulia, mama akafuata nikiwa na miaka kumi na saba. Aliniachia cherehani, wadogo watatu na neno moja: huyu wa mwisho asome mpaka amalize. Yule wa mwisho alikuwa na miaka mitatu. Niliweka madaftari yangu juu ya kabati siku ya pili baada ya mazishi na sikuyashusha tena. Wawili wa katikati walisoma hadi walipoishia. Mmoja anaendesha moto, pikipiki ya abiria, mwingine ameolewa. Neno la mama lilibaki juu ya huyu mmoja.

Kwa hiyo Kocha aliposema kwamba chuo chao huwapokea wachezaji bila ada, mradi wabaki kwenye timu, nilimpa mdogo wangu kama mtu anavyotoa mbuzi. Sikuipenda timu wala mzee. Niliutaka mlango, na mlango ule ulikuwa na besiboli mbele yake.

Akawa mrushaji. Watu walisema mpira wake unakuja sawasawa, halafu karibu na gongo unapinda ghafla, kama mtu wa moto aliyemwona polisi. Wapigaji walipiga hewa. Kocha alikuja dukani kunisimulia, akipiga kwa mkono mtupu katikati ya vitambaa vyangu, na kila mara alinipa somo nisilomwomba.

"Katika mchezo huu, dada, ukipiga mara tatu katika kumi wewe ni shujaa."

"Na zile saba?"

"Unakosa. Unarudi kukaa, unangoja zamu yako."

"Mimi nikiharibu nguo saba katika kumi, wateja wataniita shujaa?"

Alicheka. Yeye alicheka kila kitu. Hicho ndicho kilichonichosha kwake: mtu mzima mwenye mvi, nyumba yake ndogo Batsinda, mabasi mawili kuja na mawili kurudi, na furaha yote hiyo kwa ajili ya mpira wa ngozi. Nilimwona mtu ambaye hakuwahi kulazimishwa kukua.

Mdogo wangu alipofika mwaka wa mwisho, ikaja timu ya wageni. Walilala hoteli ya Kiyovu na wakaja chuoni na boksi la mipira mipya, zawadi. Ofisi ya chuo ikaweka hema na viti. Wakubwa wa ofisi walitaka kuona kwa macho yao kama wachezaji wanaosoma bila ada wanastahili. Nilifunga duka nikaenda. Ilikuwa mara yangu ya kwanza uwanjani.

Mdogo wangu alirusha mpira mpya, mweupe, wenye uzi mwembamba mwekundu. Ulikwenda sawasawa. Ulipofika kwenye gongo uliendelea kwenda sawasawa, na mgeni akaupiga hadi nje ya uzio. Wa pili vilevile. Nilihesabu mitano iliyotoka nje kabla Kocha hajamwondoa. Nyuma yangu, chini ya hema, nilimsikia mkubwa wa ofisi akiuliza, "Huyu ndiye tunayemsomesha?"

Jumatatu Kocha alikuja dukani. Mara hii hakucheka. Alitua mfuko wa mipira ya timu, akaweka miwili juu ya meza, mmoja mpya, mmoja wangu.

"Weka kidole, dada."

Niliweka. Ule mpya mshono wake ulilala. Wangu ulisimama. Mtu hahitaji chuo kuelewa hilo: uzi wangu mnene ulishika upepo, na upepo ndio uliopinda mpira.

"Umejua lini?"

"Tangu mfuko wa kwanza."

"Ukanyamaza miaka minne?"

"Ulikuwa unapinda vizuri sana," alisema. Mungu anisamehe, macho yake yaling'aa hata siku ile. "Sikiliza. Ofisi itamwangalia tena baada ya wiki mbili. Nitasema mipira mipya imeharibika. Wewe nishonee kumi na miwili kwa uzi wako. Kijana atabaki."

"Toka," nilimwambia. "Mipira iache."

Jioni nilimweleza mdogo wangu tukiwa mezani. Aliweka kijiko chini.

"Kumbe siku zote ulikuwa unarusha wewe," alisema.

Hakusema kwa ubaya. Lakini sikuweza kumaliza chakula.

Asubuhi nilipanga ile mipira mbele yangu. Nilikuwa na uzi mnene mkono mmoja, na sindano imeshatungwa. Sitajifanya malaika, nilitoboa tundu la kwanza. Kazi ya siku mbili, na neno la mama limetimia. Lakini mimi ni fundi. Nguo inayosimama kwa pini nimewauzia watu wangapi? Hata mmoja. Pini zikitolewa mwenye nguo anabaki uchi mbele ya watu, na pini za mdogo wangu zilikwishatolewa mara moja nikiona.

Nilichukua wembe nikafumua yote. Kisha nikampigia Kocha.

"Utakwenda ofisini, wewe mwenyewe. Utasema kijana hakujua, wewe ulijua."

"Dada, watanitoa."

"Rudi kukaa, ungoje zamu yako. Si ndivyo unavyofundisha?"

Alikata simu. Nilitegemea atakataa; mtu wa mchezo ni mtu wa mchezo. Siku iliyofuata alipita dukani amevaa koti, akaniomba nimshonee kifungo kilichokuwa kinalegea, akaenda.

Siku ya tatu barua ikatoka. Mdogo wangu amalize mwaka wake, kosa si lake. Kocha arudishe funguo za stoo ya michezo.

Mdogo wangu bado anarusha. Anatumia mipira niliyoishona upya kwa uzi mwembamba, na wapigaji wanaipiga sana. Anarudi na matope magotini, anakula, anafungua vitabu. Mitihani ni mwezi ujao.

Na yule mzee, asiye na timu sasa, bado anapanda mabasi yake mawili. Anakaa kwenye benchi langu na mpira magotini, sindano mkononi, anajifundisha mshono unaolala. Jirani yangu amemchoka. Vidole vyake ni vizito na anavuta uzi kama anafunga mbuzi. Jana nilimpokonya mipira yake nikaihesabu mbele ya wateja: saba katika kumi ameiharibu.

Nilimrudishia yote kumi, na wembe wa kufumulia.