Yule mama aliyetandika nyumba yake chini ya matairi yetu

Wakuu, habari za huko mliko. Kisa hiki nimekaa nacho zaidi ya miaka ishirini na tano na leo nakitoa. Sitii chumvi, chenyewe kinatosha.

Miaka ya tisini, kabla ya ile El Nino, nilikuwa dereva wa watalii, makao yangu Malindi. Nikapata wageni wawili wazee, Waholanzi, Bwana Henk na mkewe Truus. Walikuja na campervan yao wenyewe. Ndani kitanda, jiko la gesi, sinki, mapazia, kila kitu.

Walikuwa wameuza nyumba yao kule kwao ili wanunue lile gari. Yaani hawakuwa na kwao kwingine.

Tulianza na Lamu. Gari tukaliacha Mokowe, tukavuka kisiwani, tukakaa siku nne. Nikadhani safari imeisha. Truus akasema sasa anataka kuona nchi iliyo nyuma ya Lamu, ile isiyo na bahari.

Nikamwambia mama, huko kuna jua tu. Akacheka, akafungua ramani.

Basi tukapanda na msafara wa askari kama ilivyokuwa lazima siku hizo. Garsen, Hola, mpaka Garissa.

Mimi mtu wa pwani nilijiona najua joto. Garissa ilininyoosha! Lakini niliona ngamia wanakunywa pale Tana, kundi zima, shingo zote zimeinama kwa pamoja, na ukimya wa ajabu. Truus alitokwa na machozi.

Siku ya tatu tukashika njia ya Balambala. Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu.

Saa sita mchana tukafika kwenye laga, mto mkavu, mchanga mweupe mtupu. Kando kuna miti mikubwa na kivuli kizuri. Nikaona hapa ndipo pa kupikia. Nikateremsha gari hadi mchangani, nikaliegesha chini ya mti. Tukavuta lile turubai la kivuli la ubavuni mwa gari, la mistari ya kijani na nyeupe, tukapanga viti. Raha mustarehe.

Akatokea mama mmoja wa Kisomali na binti yake, wanavuta ngamia wawili. Ngamia wamebeba nyumba. Nasema nyumba kweli, fito zilizopinda, mikeka minene, sufuria, vibuyu vya maziwa. Mumewe alikuwa ametangulia na mifugo, wanahamia kwenye majani mapya.

Akaniangalia. "Waryaa, derefa. Toa gari hii. Maji nakuja."

Nikatazama juu, hata wingu la kusingiziwa hakuna. Nikamjibu, "Mama, mvua iko wapi? Mimi nimeendesha miaka kumi na mitano."

"Jana radi nabiga kule." Akanyoosha fimbo kaskazini. "Mfua nanyesha kule, maji nabita hapa."

Nikacheka. Naandika haya kwa aibu.

Hakubishana. Alimtazama Truus, kisha akaniuliza mimi, "Hii nyumba ya nani?"

Nikasema ya huyu mzee, nikamwonyesha Henk.

Akaangua kicheko. "Mwanaume na nyumba wabi na wabi? Nyumba ni ya mama."

Kumbe kwao mwanamke ndiye husuka mikeka, ndiye hujenga, hubomoa na kupakia. Nilipomtafsiria Truus alifurahi mno, akamshika mkono, akamwingiza garini. Yule mama alijitambulisha kwa jina la Habiba. Akagusa mapazia, akafungua bomba la sinki, akalifunga haraka maji yasipotee. Walipotoka wakawa wanaitana abaayo, yaani dada.

Habiba akapandisha ngamia wake ukingoni. Ila hakuenda zake. Alisimama kule juu anatuangalia.

Haikupita nusu saa nikasikia harufu ya udongo uliolowa. Kwenye jua lile!

Nikakunja turubai mbio, nikawasha gari, nikaweka gia. Matairi yakazama mpaka ekseli. Nikachimba kwa mikono, Henk akachimba, wapi. Na sasa kukawa na sauti mbali, kama lori linamwaga mawe, ila haikomi.

Henk akaacha kuchimba. Akasimama ameshika mlango wa gari tu. Wakuu, sura ya yule mzee siwezi kuieleza.

Ndipo Habiba akashuka mbio na ngamia mmoja, binti akabaki juu na wa pili. Akampigisha magoti, akakata kamba, mikeka ikaanguka. Akaanza kuitandika mbele ya matairi.

Nikapiga kelele, "Mama, acha! Hiyo ni nyumba yako!"

"Na hii nyumba ya abaayo," akasema. "Endesha!"

Nikakanyaga. Mikeka ilichanika chini yangu na mlio wake ninao masikioni hadi leo. Gari likapanda ukingo. Habiba na ngamia wakapanda nyuma yetu.

Halafu maji yakaja.

Jamani. Mbingu ni ya buluu, jua linachoma, na laga nzima imejaa kutoka ukingo hadi ukingo, maji ya kahawia yanasukuma povu na miti mizima. Pale tulipoweka viti hapaonekani. Ile mikeka ilikwenda. Tulisimama watano, Habiba akasema, "Subhanallah," polepole.

Truus hakutoa shukrani ndefu. Aliniomba spana. Yeye na Henk wakalifungua turubai la mistari kutoka garini, akamkabidhi Habiba mikononi.

Habiba akalinusa, akalipima kwa mkono. "Nyumba nasaidia nyumba," akasema.

Maji yalituzuia pale, kwa hiyo niliona akijenga. Fito, mikeka iliyobaki, na upande uliokosa mikeka akafunga turubai. Jioni haijafika tayari kuna chai ya maziwa ya ngamia. Alimpa Truus kwanza. Mimi wa mwisho.

"Derefa ya miaka kumi na tano," akasema, "kunywa."

Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Nilitaka kuomba radhi, nikaona haya. Nikanywa chai.

Miaka miwili baadaye nilipita Garissa ndani ya msafara. Nikaona ngamia kando ya barabara, mgongoni turubai la mistari ya kijani, limepauka. Mama anatembea mbele. Msafara hausimami, nikapiga honi tu. Hakugeuka, na kwa nini ageukie honi?

Nilichojifunza ni hiki: mwenyeji akikwambia ondoka, ondoka kwanza, maswali utauliza ukiwa juu.

Watu wa Garissa na Balambala mliomo humu, leteni na visa vyenu. Na kama kwenu kuna bibi anaitwa Habiba aliyewahi kuwa na kipande cha turubai la mistari, mwambieni yule derefa anaomba radhi.