Kompyuta ya Anaeli, Kutoka Akheri Hadi Elerai na Kurudi

Nilikwenda Arusha kununua kompyuta kwa sababu sikutaka binti yangu aondoke. Nasema hivyo mapema ili msisumbuke kutafuta sababu nyingine. Anaeli ana chumba cha kuchapa barua na kutoa nakala, pale karibu na sekondari yetu huku Akheri. Kompyuta yake ilikuwa imekufa. Bosi wake wa zamani alikuwa anampigia simu arudi Dar es Salaam, na sanduku lake la nguo lilikuwa limeshafungwa, liko nyuma ya mlango. Shule ilikuwa imempa kazi ya kuchapa mitihani ya muhula, na mwalimu mkuu alizitaka karatasi Jumatatu asubuhi. Kazi hiyo ikipotea, chumba kinafungwa, mtoto anapanda basi.

Mimi shule niliishia darasa la tatu. Nilianza na mkungu mmoja wa ndizi kichwani, leo nina kahawa, ng'ombe sita na pikapu. Mtu kama mimi haogopi kununua boksi.

Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tuliondoka mimi na Anaeli. Mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni. Nyuma ya pikapu niliweka magunia mawili ya majani makavu ya migomba.

"Baba, majani ya nini?"

"Mayai yanasafiri kwenye majani na hayapasuki. Kompyuta ni nani ikatae?"

Saa moja tulikuwa Tengeru, tukanywa chai na chapati. Nikamwambia Anaeli kwamba pale mnadani nimenunua ng'ombe miaka arobaini, kwa hiyo atulie, aniachie mimi. Nilishapigwa bei mara mbili pale, lakini hilo halikumhusu.

Saa tatu tukaingia duka moja katikati ya mji. Mezani palikuwa na kompyuta kubwa yenye ubavu wa kioo, na ndani feni tatu zinawaka taa nyekundu, kijani na bluu. Nikaipenda, nakiri. Nikainyanyua. Nzito. Nikaona hii imeshiba.

"Shikamoo mzee wangu," akasema mwenye duka. "Hapo umeshika mashine. Hutajuta."

"Baba, taa hazichapi," Anaeli akaninong'oneza.

"Nyamaza. Anayenunua ni mimi." Nikamgeukia yule bwana. "Mangi, iamshe nione."

"Niiamshe?"

"Ng'ombe hanunuliwi akiwa amelala. Anaamshwa, anatembezwa, anatazamwa akila. Iamshe."

Nikatazama saa yangu. Taa zikacheza vizuri sana. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu, kwenye kioo kunazunguka kiduara tu. Ilipoamka, Anaeli akafungua ukurasa wa kuandika, tukangoja tena.

"Inapasha moto, mzee."

"Pikapu yangu ni ya zamani kuliko wewe, na inawaka kabla sijafunga mlango."

Nikamwambia afungue ubavu. Kasha kubwa kama banda, matumbo yenyewe madogo, mengine yamejaa vumbi. Tukaaga.

Saa tano tulifika Elerai, kwa fundi Neema aliyesoma chuo kimoja na Anaeli. Anatengenezea kompyuta kwenye chumba cha uani. Akatutolea kimashine cheusi kilichotumika ofisini, hakina taa wala ubavu wa kioo.

Nikacheka. "Mama, hii ni ndama."

"Ipime kama ulivyopima ile ya dukani, baba," akasema Neema, maana Anaeli alishamsimulia.

Nikapima. Karibu dakika mbili! Nikacheka zaidi. Neema hakukasirika. Alichukua bisibisi, akaifungua, akachomoa kitu kama tofali dogo. "Hii diski ya zamani ina sahani inayozunguka ndani. Kila ukiomba kitu, inazunguka kukitafuta. Inayochelewesha ni hii, siyo mashine." Akaweka diski ya SSD isiyozunguka, nyembamba kama sabuni iliyokwisha, akaanza kupakia upya mfumo wa kuendeshea kompyuta. Tukala makande tukingoja.

Nikapima mara ya pili. Sekunde ishirini. Nikaipeleka saa yangu sikioni nione kama inatembea.

"Sasa RAM, kumbukumbu ya muda," akasema Neema. "Hiyo ndiyo meza ya kufanyia kazi. Ina GB nne, naongeza ziwe nane."

"Weka thelathini na mbili. Mimi si maskini."

"Baba, ng'ombe mmoja ukimpa majani ya ng'ombe wanane, anatoa maziwa ya wanane?" Neema akaniuliza.

Anaeli alicheka mpaka akashika ukuta. Miaka mingi nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo. Nikasema haya, nane. Nikauliza kuhusu ile kadi kubwa ya picha wanayoisifia watu. Neema akasema hiyo ni ya watu wa michezo ya kompyuta na video, mitihani haiitaki. Ubongo wa mashine nao akasema hauna shida, na siyo wa zamani kiasi cha kukataa mfumo mpya, usiguswe.

"Umeme wa kwenu ukoje?"

"Mzuri," nikajibu.

"Baba!" Anaeli akadakia.

"Mzuri ukiwepo."

Akasema basi tuchukue UPS, ile betri inayoshika mashine umeme ukikatika. Sasa mimi nilikuwa nimepanga kununua skrini, kile kioo kipana, watu wakione tangu barabarani wajue ni chumba cha nani. Pesa haikutosha vyote viwili. Nikachukua kioo kidogo kilichotumika, na UPS. Niliumia kidogo, lakini nilichukua.

Saa tisa tukapakia. Neema alipoona naizika kompyuta kwenye majani ya migomba alipiga picha. Njiani kupanda Akheri Anaeli alikuwa anageuka nyuma kila shimo.

"Bosi kapiga tena," akasema.

"Ukamjibuje?"

"Nimesema nitampa jibu Jumatatu."

Nikabadilisha gia ambayo haikuhitajika.

Jumamosi saa nne asubuhi Anaeli alikuwa kwenye mtihani wa tatu, mimi nimekaa mlangoni kama mteja, umeme ukakatika. UPS ikapiga kelele kama kifaranga. Anaeli akahifadhi kazi yake, akazima mashine bila haraka yoyote.

"Mzuri ukiwepo," akasema bila kunitazama.

Umeme ulirudi saa nane. Jumatatu asubuhi karatasi zote zilikuwa mezani kwa mwalimu mkuu.

Nilichojifunza ni hiki, ndugu zangu. Miaka yote nimewafundisha watu kumwamsha ng'ombe kabla ya kulipa, na mimi mwenyewe nilitaka kulipia taa. Uliza kwanza kazi ni ipi, kisha tafuta kinachoichelewesha hiyo kazi, ubadilishe hicho. Vingine waachie wenye duka.

Jumatatu hiyo hiyo jioni nilipita pale chumbani. Kile kimashine hakikuwa tena sakafuni tulipokiweka Ijumaa. Kilikuwa chini ya meza, kimekalishwa juu ya lile sanduku lake la nguo. Nikaligusa kwa mguu. Tupu.

"Neema alisema isikae chini, vumbi," Anaeli akasema, anaendelea kuchapa.

"Sanduku zuri hilo," nikamwambia. "Kimo chake sawasawa."

Nikaenda kukamua.