Ng'ombe wa Nukta

Mimi kutulia sijui. Mama alizoea kusema nilizaliwa safarini na ndiyo sababu. Uongo mtupu, nilizaliwa Kintinku, nyumbani kwetu, mchana kweupe. Lakini mwaka ule niliokwenda Singida mjini kujifunza kompyuta, hata mwenyewe nilijichosha.

Zilikuwa zama za ruksa, kila mwenye uwezo anafungua lake. Bwana mmoja alifungua darasa kando ya soko, akajaza kompyuta za mtumba. Mwalimu wetu, kijana mpole wa Kinyiramba, alitufundisha kuandika amri za kuchora. Skrini, alisema, ni shamba la nukta. Kila nukta ina namba mbili: umbali wake kutoka kushoto na umbali wake kutoka juu. Zitaje, taja na rangi, nukta inawaka. Washa nyingi kwa mpango, umepata picha. Hakuna uchawi hapo.

Nilitaka kumchora ng'ombe mmoja tu, dume letu jekundu la nyumbani, halafu atembee. Nilimtaka kwa ajili ya baba. Baba alikuwa na vikope. Kope zilimgeukia ndani, zikawa zinamkwaruza macho miaka nenda rudi. Kila aliyetoka kijijini aliniambia hali inazidi, ila yeye alikuwa akiagiza salamu zilezile: "Mwambieni bado naona. Asome." Alikuwa amepangiwa siku ya kupasuliwa kope hospitali ya mjini, na walishamwambia wazi kwamba upasuaji utazuia yasiharibike zaidi, kilichopotea hakirudi. Basi nikawa nakimbizana na macho ya baba. Alikuwa amegombana na ukoo mzima ili binti yake asomee kitu ambacho yeye hakujua hata kinafananaje. Nilitaka akione kabla giza halijamfika. Sikutaka zaidi ya hapo.

Na kila kitu kilinichelewesha. Kompyuta tunagombania zamu, umeme unakatika, na mwalimu naye na "haraka haraka haina baraka" yake. Siku moja nilimjibu kwamba hiyo baraka awape wengine, mimi anipe zamu. Alicheka tu. Afadhali angenifokea.

Ng'ombe wangu wa kwanza alitokea miguu juu. Shuleni grafu tuliihesabu kutoka chini kupanda. Huku sifuri iko kwenye kona ya juu, na namba ikikua unashuka. Somo hilo nililiruka kwa papara zangu. Wenzangu wakapata la kusema. "Pole na msiba," mmoja aliniambia, na mwingine akaulizia maini. Nilitoka nje nikazunguka kwenye vitunguu vya sokoni mpaka hasira zikapoa, kisha nikarudi kurekebisha namba moja baada ya nyingine.

Kumtembeza ilikuwa kazi nyingine. Kumbe kompyuta haisogezi kitu. Unamchora ng'ombe, unamfuta kwa kumchora tena kwa rangi nyeusi ileile ya skrini, halafu unamchora mbele kidogo. Ukifanya upesi, jicho linadanganyika, linamwona anatembea. Wangu alikuwa akimetameta vibaya, lakini alitembea. Nilimaliza juma lilelile alilokuja baba, na mengine yaliyobaki sikupata nafasi ya kuyatengeneza.

Baba alishuka kwenye basi ameshika bega la baba mdogo. "Vumbi la njiani hili," alisema, akijifuta macho. Nikampa shikamoo yake, akaniuliza masomo. Nikamwambia twende akaone kwanza, hospitali baadaye. Baba mdogo alifungua mdomo kusema jambo, lakini baba alimkatiza akasema twende. Njia nzima nilimpigia kelele kuhusu dume letu, jinsi atakavyomwona anatembea kwenye kioo.

Nilimketisha mbele ya skrini, nikabonyeza. Dume akatokea upande wa kushoto, mwekundu, na baka lake jeupe begani, akaanza safari. Nilisimama nyuma ya baba, nikihama mguu huu kwenda huu.

"Unamwona, baba?"

"Namwona. Ni yule wetu kabisa."

Dume akafika ukingo wa kulia akatokomea, maana sikuwa nimeandika amri ya kumrudisha. Skrini ikabaki nyeusi tupu, mashine ikiendelea kuvuma. Nikainama ili nibonyeze tena.

"Mwache," baba alisema, uso ameuelekeza palepale. "Anakwenda vizuri. Mwache aende."

Nilimgeukia baba mdogo. Alikuwa anatazama sakafu. Hapo ndipo nilipozielewa zile salamu zote, na hasira ikanipanda kwanza, hasira ya kudanganywa, halafu machozi. Nililia kwa kubana pumzi, kwa sababu masikio yake yalikuwa mazima.

"Umefanya kazi, mwanangu," alisema baba.

"Ndiyo, baba," nikamwambia. "Bado anakwenda."