Mate Yangu Kwenye Karatasi ya Mwalimu Liang

Ningependa kukaa kimya kuhusu jambo hili, lakini Mama Zuhura ameshalisambaza Xiaobei nzima, mtaa wetu Waafrika hapa Guangzhou, China, na anavyolisimulia yeye, mimi nina wino wa bluu kuanzia puani hadi masikioni na mwenye nyumba ananifukuza kwa ufagio, kwa hiyo afadhali mlisikie kutoka kwangu mwenyewe niliyeaibika. Ufagio haukuwepo. Wino ulikuwepo, tena puani, hilo siwezi kulikana.

Kwanza habari ya karatasi, maana asiyenijua atadhani nimechanganyikiwa. Mimi hukusanya nota za nyimbo za maonyesho ya jukwaani ya Marekani, yale ya mwanzo mwanzo, kabla sinema hazijaanza kusema, enzi ambazo mtu akiupenda wimbo aliousikia ukumbini hakuwa na namna ya kwenda nao nyumbani ila anunue karatasi yake, aiweke juu ya piano na auimbe mwenyewe, vizuri au vibaya. Nota nilijifunza kwenye kinanda cha kanisa letu Moshi. Nikaja Guangzhou kusoma chuo, nikamaliza, nikabaki kuwatafsiria wafanyabiashara wetu wanaokuja kufunga mzigo, na karatasi ya kwanza niliiokota kwenye soko la vitu vya zamani, chini ya rundo la majarida, jaladani kuna mwanamke amevaa kofia pana kama sinia ya pilau. Wenzangu waliniuliza kitu kimoja tu: hii utaiuza wapi? Nikaenda kutafuta nyingine.

Si kwamba nazitukuza. Majalada mengine siwezi kuyatundika ukutani, kwa sababu yamechorwa watu weusi kama vikaragosi, macho yamewatoka, wanawachekesha watu waliolipa kiingilio ili wawacheke. Hayo pia ninayo, nimeyalaza kifudifudi ndani ya bahasha, maana nikiyatupa nitaanza kuamini kwamba muziki huu ulikuwa msafi. Ndiyo maana karatasi ikiwa nzuri sana naishuku. Kusema kweli nashuku kila kitu (nyumbani niliuliza maswali mpaka mchungaji akaniomba, kwa upole, nipige kinanda tu), na mji huu umenizidishia, kwa sababu hapa kila kitu kina pacha wake, viatu, simu, dawa ya meno, na kazi yangu nusu ni kutafsiri, nusu ni kumnong'oneza mteja kwamba hii siyo.

Mama Zuhura ndiye mteja wangu wa siku nyingi. Ni mtu wa Unguja, ananunua vitambaa vya baibui na mapazia, na haamini neno la muuza duka hata aape. Anachomoa uzi mmoja, anauwasha kwa kiberiti cha gesi mbele ya bosi wa duka, ananusa moshi, kisha ananiambia kwa Kiswahili, huku akimtabasamia yule bosi, "Mwambie plastiki hii, na yeye mwenyewe plastiki." Nami natafsiri kwamba mama anaomba apunguziwe kidogo. Ndivyo tunavyofanya kazi. Tumezoea kuwasema watu mbele yao, kwa sababu hapa Kiswahili ni kama pazia, unakaa nyuma yake unasema utakalo.

Basi Mwalimu Liang ni mama mzee aliyestaafu kufundisha muziki, anaishi ghorofa ya tatu katika mtaa wa zamani ambao magari hayaingii, na kila Jumapili mchana wanafunzi wake wa zamani, ambao nao sasa wana mvi, huja kunywa chai na kuimba. Nilimfahamu palepale sokoni, tukigombea rundo moja la karatasi. Akaniachia mimi, akanikaribisha kwake. Nilikuwa nimekwenda mara kadhaa, na mara ya mwisho aliniambia kwamba anahamia kwa binti yake, chumba atakachopewa ni kidogo, na karatasi zake anataka kumwachia mtu atakayezitunza. "Njoo Jumapili, kijana," akasema, "nikuonyeshe moja ambayo sijamwonyesha mgeni." Nilielewa kwamba mtu huyo huenda nikawa mimi. Wiki nzima sikulala vizuri.

Jumapili yenyewe nilikuwa na Mama Zuhura, kwa sababu baada ya hapo tulikuwa tunakwenda Sanyuanli kwa wakala wa kontena, naye alikataa kunisubiri chini. "Nikae kibarazani kama mwizi? Napanda na mimi." Akapanda.

Tulikuwa wa kwanza kufika. Mwalimu Liang akatuketisha, akatoa ndani ya kitambaa cha hariri karatasi moja ya kukunja, akaiweka mezani mbele yangu kwa mikono miwili, akasema, "Itazame kwanza, tutaongea," akaingia jikoni kuchemsha maji ya chai. Tukabaki sisi wawili na ile karatasi.

Ilikuwa mpya mno. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Jaladani msichana kakaa kwenye bembea ya maua, nyekundu yake nyekundu kweli, pembe hazijachakaa, hakuna alama ya mdudu, na mji wenyewe ni huu ambao unyevu wake unaotesha ukungu hata kwenye mkanda wa suruali. Nikafungua. Ndani, chini ya maneno ya Kiingereza yaliyopigwa chapa, palikuwa na Kichina kimeandikwa kwa bluu, herufi ndogo ndogo, kila moja imekaa chini ya nota yake. Hayo ndiyo yaliyonimaliza. Nikajiambia, huyu kauziwa kopi, wameichapa upya na mwandiko wameutia mashineni ili ionekane ilikuwa ya mtu.

"Una nini, umekunja uso?" akauliza Mama Zuhura.

"Naona kama feki."

"Ala! Bibi wa watu huyu naye?"

"Yeye kadanganywa tu. Mwandiko huu nadhani umechapwa."

"Sasa si upime, Profesa? Kilichochapwa hakitoki." (Profesa ndiye mimi. Si sifa.)

Nikalamba kidole gumba. Mpaka leo nikifika hapa katika kusimulia najisikia ulimi umekauka. Kwanza nikasugua kichwa cha wimbo kilichopigwa chapa, hakikutoka kitu. Kisha nikashuka kwenye ule mstari wa bluu, ubeti wa pili, katikati, nikasugua kwa utaratibu kabisa kama daktari.

Ukatoka.

Haukutoka kidogo. Herufi tatu zililainika zikawa wingu, na kidole changu kikawa kama cha mtu aliyetoka kupiga kura. Kwa hiyo ulikuwa wino kweli, wa kalamu kweli, wa mtu kweli, na mimi nilijua hivyo kwa sababu nilikuwa nimeuharibu.

Hapo mtu mwenye akili angesimama, angekwenda jikoni, angesema. Mimi nikasema, "Nipe tishu, haraka," na Mama Zuhura kwa hofu akachomoa kwenye mkoba zile tishu za maji anazofutia mikono baada ya chakula, nami bila kutazama nikaikandamiza pale ili inyonye wino, na ikaunyonya, ikaunyonya na jirani zake. Nilipoinua, mstari mzima haukuwepo. Palibaki doa la bluu hafifu lenye harufu ya limau.

"Astaghafiru," akasema Mama Zuhura. "Funika. Funika!"

Nikaikunja. Wanafunzi wakaanza kuingia, salamu, viatu mlangoni, kicheko, Mwalimu Liang akatoka na birika, na kabla sijapata hata pumzi ya kuungama akaichukua karatasi, akaiweka kwenye piano na kuwatangazia wenzake kwamba leo atauimba wimbo wa mama yake. Wimbo wa mama yake?

Hapo ndipo aliposimulia, vidole vyake tayari viko juu ya piano. Mama yake alizaliwa Marekani kwa wazazi waliotoka huku Guangdong, akarudishwa akiwa msichana, akaja na karatasi hii moja. Kwa kuwa watoto wake hawakujua Kiingereza, akautungia wimbo maneno ya Kikantoni, akayaandika kwa mkono wake chini ya nota. Ikaja miaka ambayo mambo ya kigeni kama haya hayakutakiwa kuonekana ndani ya nyumba, akaishona ndani ya mfarishi, katikati ya pamba, ikakaa humo gizani mpaka hali ilipotulia. "Ndiyo maana haijazeeka," akasema, akanitazama mimi akatabasamu, kwa sababu mimi ndiye niliyetarajiwa kuelewa.

Nikafanya upumbavu wa mwisho. Nikajitolea kumfungulia kurasa. Nikasimama kando ya piano, na ukurasa ulipofunguka nikaweka kiganja changu pale penye doa, kana kwamba nashikilia karatasi isipeperuke, na dirisha limefungwa. Jasho likanitiririka, nikajifuta uso. Ubeti wa kwanza ukapita. Mwalimu Liang ana sauti nyembamba ya kizee, lakini haiyumbi.

"Toa mkono, kijana," akasema huku akipiga. "Sioni maneno."

Sikuutoa. Bibi mmoja kwenye kochi akaanza kucheka, akanionyesha pua, akamgusa mwenzake, naye akacheka, kumbe nimejipaka bluu puani na kwenye paji la uso, chumba kizima kikaangua kicheko, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka nao, nikainua mkono kujifuta.

Mwalimu Liang alikuwa amefika kwenye ule mstari. Akanyamaza. Akarudi nyuma kidogo, akapiga tena, akaimba kuufikia, akanyamaza palepale. Mara ya tatu hakuimba, alipiga tu kwa mkono mmoja. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Siukumbuki," akasema taratibu. "Siku zote nilikuwa nausoma."

Nikamwambia yote. Kwa Kichina changu cha sokoni, maana maneno mazuri yote yalinikimbia, nikamwambia kwamba nilidhani ni kopi, nikapima. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti.

"Nilikuwa jikoni," akasema. "Kwa nini hukuniuliza?"

Ngazini Mama Zuhura hakunitania. Alinipa tishu nijifute pua, akasema, "Miye nilidhani ni bidhaa, mwanangu," tukashika njia ya Sanyuanli.

Karatasi zile alimwachia mwanafunzi mwingine, na naona ni haki. Mimi nilirudi kabla hajahama kumsaidia kufunga mizigo. Alinipa sufuria na vitabu nifunge, karatasi alifunga mwenyewe. Tukiwa sakafuni kati ya maboksi nikamwomba, kama hatakasirika, aniambie mama yake alikuwa mtu wa namna gani, akaongea mpaka chai ikapoa: alivyoogopa paka, alivyoimba akifua, alivyowapiga watoto wakikosea tuni. Nilingoja nikitumaini kwamba katikati ya maneno ule mstari utajitokeza wenyewe. Haukujitokeza.

Nimefikiri sana tangu siku ile. Nilijiona ni mtu anayehoji kila kitu, na pengine ninahoji kweli, lakini siku ile sikuhoji chochote, nilipima tu, tena kwa siri, na kupima kwangu kulitokana na kuamini kwamba mtu hawezi kunijibu ukweli. Nimejiwekea nadhiri moja. Nitaendelea kushuku, sijui kuishi vinginevyo. Ila sitasugua tena kitu cha mtu ambaye yupo chumba cha pili, mzima, anachemsha maji, na anajua jibu.