Usiseme Sijambo Ukiwa Unaumwa

Mwanangu, iko siku moja ya miaka ya sabini naikumbuka, hapa hapa Hallonbergen, Uswidi, majengo yakiwa bado yananukia saruji. Nilikuwa na mimba ya miezi minane, ya dada yako mkubwa. Miguu imevimba hata naazima viatu vya baba yako, kichwa kinagonga, na nikiinuka naona vimulimuli.

Nikaenda kliniki ya wajawazito. Muuguzi wa mapokezi akaniuliza hali, nikajibu sijambo. Kwetu Tanga hata mwenye homa hujibu salamu kwanza, ndipo aeleze yake. Kumbe kwa mwenzangu maneno yameishia hapo! Nilipoongeza kwamba kichwa kinaniuma, alitabasamu.

"Nyinyi Waafrika huzaa bila tabu. Njoo siku yako."

Nyuma yangu alikuwepo Mswidi, naye mjamzito. Aliposema kichwa kinamuuma, akaitwa ndani. Niliona kwa macho yangu. Nikarudi nyumbani.

Kesho yake akaja Bi Zuhura, jirani yetu, mkunga wa Pangani aliyemfuata mumewe masomoni. Wajawazito wote wa kwetu aliwapitia, Mtanzania, Mkenya, hata Mkongo. Akanibonyeza mguu kwa kidole gumba, shimo likabaki. Nikamsimulia ya kliniki.

"Nawe ukaondoka?" akanikemea. "Dada yangu alifia uzazini zama za mkoloni. Wazungu walikuwa na wodi yao, yeye kalazwa barazani. Kila aliyemuuliza hali alimjibu sijambo, mpaka akakata roho. Mficha uchi hazai. Vaa koti twende."

Muuguzi alikuwa yule yule, na swali lile lile. Nikafungua mdomo kujibu kwa adabu, Bi Zuhura akanifinya.

"Ninaumwa," nikasema. "Sioni vizuri. Sitoki hapa mpaka nipimwe."

Tukakaa benchini. Mkunga wa pale aliponipima presha, aliita ambulensi mara moja. Dada yako akazaliwa siku ile ile, kadogo, kanalia. Daktari alisema ningechelewa kidogo tungepotea sote wawili.

Sasa nasikia nawe, na mimba yako hiyo, unakwenda kliniki peke yako, ati hutaki kutusumbua. Tusumbue, mama! Ukiumwa, anza na ugonjwa, salamu zitafuata. Wasipokusikia, rudia. Wakikudharau kwa rangi yako, kosa ni lao, lakini roho ni yako. Usiipoteze kwa kuona haya. Na mwenzio akipata mimba, msindikize hata kama hakukuomba.

Mungu akujaalie ujifungue salama, umpakate mwanao, naye aje akuzike ukiwa bibi kizee.